Kuachilia ili Kuwa Huru: Tumesoma Kitabu cha Mtakatifu Yohane wa Msalaba

Wengi katika parokia zetu wanamjua Mtakatifu Yohane wa Msalaba kwa jina tu. Wanasikia sikukuu yake ikitangazwa tarehe 14 Desemba, siku chache kabla ya Noeli, basi. Vitabu vyake hawavisomi. Wakiulizwa sababu, hujibu kwamba ni vitabu vya masista wa monasteri na vya mapadri, tena ni vigumu.

Sisi nasi tulisema hivyo hivyo. Tulipokuwa seminarini tulikiona katika kabati kitabu chake kiitwacho Kupanda Mlima wa Karmeli, kwa Kifaransa. Tukakifungua, tukasoma kurasa kumi, tukakirudisha mahali pake. Miaka ilipita. Juzijuzi tuliazima kitabu hicho kwa paroko wetu, tukakisoma chote, pamoja na kile kinachokifuata, Usiku wa Giza. Leo twataka kuwaambia tuliyoyaona humo: mafaa yake, ugumu wake, na mahali pamoja palipotutia shaka kubwa, hata tukalazimika kutafuta jibu katika nchi yetu wenyewe.

Mtungaji ni nani?

Yohane alizaliwa mwaka 1542 katika mji mdogo wa Fontiveros, nchi ya Hispania. Baba yake, Gonzalo de Yepes, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa hariri. Lakini alimwoa Catalina Álvarez, msichana maskini mfumaji wa nguo, na kwa ajili hiyo ndugu zake wakamtupa. Akafa mapema, akamwacha mjane na watoto wadogo. Mama huyo alihama mji hata mji akitafuta kazi ya kufuma. Yohane alipokuwa kijana alitumika katika hospitali ya maskini mjini Medina del Campo, akiwauguza wagonjwa na kuwaombea sadaka njiani. Mwaka 1563 aliingia shirika la Wakarmeli. Mwaka 1567 alipewa upadri, na mwaka ule ule akakutana na Mtakatifu Tereza wa Avila, aliyekuwa akitengeneza upya maisha ya Karmeli.

Kazi hiyo iliwaletea chuki. Mwezi wa Desemba 1577 Wakarmeli waliopinga matengenezo walimkamata Yohane, wakamfunga katika monasteri yao mjini Toledo. Alikaa humo karibu miezi tisa, katika chumba kidogo chenye giza, akipigwa na kulishwa vibaya. Mwezi wa Agosti 1578 alitoroka usiku kwa kamba aliyoifanya kwa vipande vya nguo za kujifunikia. Inasimuliwa kwamba kabla ya kutoroka alimpa mlinzi wake msalaba mdogo alioupenda, awe amemshukuru kwa wema wake. Mshike jambo hilo, maana tutalirudia.

Tumeeleza maisha yake kwa makusudi. Mtu akituambia, "Achilia," sisi kwanza tunamwuliza: Na wewe umeachilia nini? Yohane ana jibu. Si tajiri aliyeshiba anayewahubiria wenye njaa uzuri wa kufunga. Alizaliwa katika umaskini, akaonja kifungo, na hata mwisho wa maisha yake, mwaka 1591, alipougua, alikwenda kufia mjini Úbeda katika nyumba ambayo mkubwa wake hakumpenda, tena alinung'unikia gharama za ugonjwa wake. Inasimuliwa kwamba mgonjwa ndiye aliyemwomba mkubwa huyo msamaha. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1726, na Papa Pio XI akamtaja kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1926.

Kitabu chasema nini?

Kiini chake ni hiki. Moyo wa mtu uliumbwa kwa ajili ya Mungu, nao ni mpana kupita vitu vyote. Lakini ukishikamana na kitu kidogo, hujipunguza hata utoshane na kitu hicho. Mtu asiyeweza kuachilia kitu hakimiliki tena, kitu ndicho kinachommiliki yeye.

Mtakatifu atoa mfano wa ndege aliyefungwa. Haidhuru, asema, kama amefungwa kwa kamba nene au kwa uzi mwembamba: maadamu hajaukata, haruki. Ni kweli, uzi ni rahisi kukatika kuliko kamba. Lakini usipokatika, ndege wa uzi na ndege wa kamba wote wawili wako chini. Watoto wetu wanaofunga panzi kwa uzi wanalijua fundisho hili bila kulisoma kitabuni.

Hapo Mtakatifu hataji dhambi kubwa. Anataja mazoea ya kusema mno, kushikamana na mtu fulani, na vazi, na kitabu, na chumba, na chakula cha namna fulani. Wakristu wengi wamekata kamba nene: hawaibi, hawazini, hawaendi kwa waganga. Kumbe miaka ishirini wako pale pale, kwa sababu ya uzi mmoja wanaouita jambo dogo.

Tena Yohane aliwachorea masista wa Karmeli wa Beas picha ya mlima. Katikati iko njia nyembamba, na juu yake ameandika mara nyingi neno moja la Kihispania, nada, maana yake "si kitu". Kandokando ziko njia mbili nyingine. Ya kwanza ni ya watu wanaotafuta mali ya dunia, na hiyo tuliitazamia. Lakini ya pili yatushangaza, maana ni ya watu wanaotafuta mema ya mbinguni kwa namna isiyo kamili: faraja, heshima, utamu wa sala. Nao hawafiki kileleni. Hata sala yaweza kuwa uzi, ikiwa twaipenda kwa sababu ya utamu wake tu.

Ugumu wake

Mhakiki asifiche kasoro. Kitabu hiki kina marudio mengi. Mtungaji agawa kila jambo mara tatu, na kila sehemu mara tatu tena, kama walivyofundishwa watu wa shule za zamani zake. Msomaji aliyezoea mifano ya Injili huchoka. Halafu hakikumalizika. Mtungaji aliweka mwanzoni shairi lake la beti nane, akaahidi kulieleza lote, lakini maelezo yakakatika njiani, na katika Usiku wa Giza yakakatika tena mwanzo wa ubeti wa tatu.

Kasoro ya pili ni neno lile nada. Aliyesoma kurasa chache tu huchukua neno hilo peke yake, akadhani Mtakatifu anachukia viumbe. Ndivyo ilivyotupata seminarini. Laiti tungaliendelea hata sura ya tatu! Humo aeleza wazi kwamba hasemi juu ya kukosa vitu. Kukosa kitu hakumwachi mtu huru, ikiwa bado anakitamani. Kinachomfunga ni tamaa aliyo nayo kwa kitu, hata kama kitu chenyewe hana. Amtaja mfalme Daudi, aliyekuwa tajiri na hata hivyo alijiita maskini, kwa kuwa nia yake haikukaa katika mali.

Maneno hayo yanawagusa watu wa kwetu kuliko tunavyodhani. Wengine husema, "Sisi ni maskini, tutaachilia nini?" Lakini mtu aweza kuwa na baiskeli moja na kuwa mtumwa wa baiskeli kumi za jirani. Mwingine hana fedha, ila ana kiti chake kanisani, na akikikuta kimekaliwa na mgeni, Misa yake imeharibika. Mwingine anashikilia cheo cha chama, au ugomvi wa shamba uliomalizwa na wazee zamani.

Wengine huuliza, "Je, tuwaache ndugu zetu?" Hasha. Yohane alipoanza maisha mapya huko Duruelo mwaka 1568, mama yake Catalina na kaka yake Francisco walikuja kusaidia kazi za nyumba, kupika na kufua. Hakuwafukuza kwa kujidai mtawa. Kumpenda mzazi si uzi. Uzi ni kumpenda mtu hata tukatenda uovu ili asitukasirikie.

Na tuseme neno moja zaidi, maana jambo hili ni la hatari. Mara nyingine wenye nguvu humwambia mnyonge, "Achilia, wewe ni Mkristu," ili wamchukulie mshahara wake au shamba lake. Kitabu hiki hakiwapi ruhusa hiyo. Yohane huambia kila mtu aukague moyo wake mwenyewe, hamwambii mtu afungue sanduku la mwenziwe.

Uzi wetu

Basi tufungue sanduku letu wenyewe, ili tusionekane tunawahubiri wengine tu. Tulisoma seminari miaka kadhaa, kisha tukapewa barua ya kuturudisha nyumbani. Sababu zilizoandikwa humo hatukuziona kuwa za kweli, na hata leo hatuzioni hivyo. Barua hiyo tuliiweka chini ya nguo miaka kumi na mmoja. Tulioa, tukapata watoto, tukapewa kazi ya katekista, tukawafundisha wakatekumeni wengi kwamba asiyesamehe hasamehewi. Barua ikakaa sandukuni. Mara kwa mara tuliitoa, tukaisoma, tukajibu moyoni neno kwa neno. Hakuna mwizi ambaye angeitaka.

Tulipofika kwenye mfano wa ndege, tulifunga kitabu, tukaenda sandukuni. Mama watoto alikuwa akiwasha moto wa jioni. Tukampa karatasi ile, akaitia chini ya kuni, hakuuliza kitu. Tukafurahi, tukadhani kazi imekwisha. Usiku ule ule tukatambua kwamba barua tunaijua yote kwa kichwa, tangu tarehe yake hadi sahihi yake. Karatasi imekuwa majivu, uzi uko palepale.

Hapo tukafahamu kwa nini Mtakatifu hakuishia na kitabu cha kwanza. Katika Kupanda Mlima aeleza hasa kazi ya mtu: ajitahidi, ajikatalie. Katika Usiku wa Giza aeleza kazi ya Mungu, maana ziko nyuzi ambazo mkono wa mtu hauzifikii. Mfano wake ni ukuni uliotiwa motoni. Kwanza moto waukausha, waufanya utoe maji na moshi na harufu mbaya, wauchafua kuwa mweusi. Ukiuona wakati huo wasema moto unauharibu. Kumbe unautayarisha kushika moto. Kila mama aliyepika kwa kuni mbichi wakati wa masika anajua habari hii. Miaka ile ya uchungu tuliiona kuwa hasara tu, kwa kuwa tuliutazama moshi peke yake.

Hatusemi kwamba tumepona. Twasema tu kwamba mwaka huu tulimwombea kwa jina lake aliyetia sahihi katika barua ile, na kwa mara ya kwanza sala haikutukwama kooni.

Shaka letu kubwa

Sasa tufike mahali tulipopaahidi. Katika Usiku wa Giza, Mtakatifu asimulia habari ya mtu aliyemjua. Mtu huyo alikuwa na msalaba uliofanywa vibaya kwa tawi lililobarikiwa, ukashikizwa kwa pini iliyopindwa. Aliuchukua kila mahali zaidi ya miaka kumi, mpaka Yohane alipomwondolea. Tena asema kwamba alikuwa mtu wa akili nzuri, wala si mjinga. Amtaja na mwingine aliyesali kwa rozari ya mifupa ya samaki. Wote wawili awasifu: ibada yao haikutegemea uzuri wala thamani ya vitu. Anaowakaripia ni wale wanaolimbikiza misalaba na medali, wakibadili hiki kwa kile, wakitaka kilicho kizuri zaidi.

Lakini sisi tuliudhika. Kama mtu yule alikuwa wa kusifiwa, kwa nini amwondolee msalaba wake? Na mara tukamkumbuka ndugu yetu wa Kongo, Mwenye Heri Isidore Bakanja.

Isidore alikuwa kijana wa jimbo la Equateur, msaidizi wa waashi. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, karibu na mji unaoitwa leo Mbandaka, akapokea skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vinavyovaliwa shingoni. Baadaye alipofanya kazi kwa wazungu wa kampuni, msimamizi mmoja aliyechukia dini alimwamuru avue kitambaa kile. Isidore akakataa. Mwaka 1909 msimamizi huyo aliamuru apigwe kwa mjeledi wenye misumari, hata mgongo wake ukawa jeraha moja. Aliteseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Haya basi. Yohane wa Karmeli amwondolea mtu msalaba wake. Isidore akubali kufa kuliko kuvua skapulari ya Karmeli. Je, wangalikutana, Yohane angalimwambia Isidore, "Vua, umefungwa na uzi"?

Tulifikiri juu ya swali hilo siku nyingi, na jibu tulilipata katika fundisho la Yohane mwenyewe. Kinachofunga ni tamaa, wala si kitu chenyewe. Na tamaa tutaijuaje? Tutaijua kwa matunda yake mtu anaponyang'anywa. Aliyefungwa na kitu, ukikigusa, hasira humjaa, mapendo hutoka, anamchukia aliyekigusa. Isidore aliguswa skapulari yake, akapasuliwa mgongo, na mapendo hayakutoka. Aliachilia kazi, akaachilia afya, akaachilia uhai, na mwisho akaachilia hata kisasi, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Kitambaa kile kilibaki shingoni kwa sababu kilikuwa neno lake kwa Mungu, na neno hilo alikataa kulirudisha. Ukitafuta mtu aliyefungwa na kitambaa katika habari hii, ni yule msimamizi. Vipande viwili vya nguo vilimtawala hata akasahau kwamba mbele yake yuko mtu.

Na juu ya msalaba wa pini, twasema hivi: Yohane alimjua mtu yule, sisi hatumjui. Labda aliona uzi usioonekana kwa wengine. Tena aliyemwondolea mwenziwe msalaba ni yule yule aliyempa mlinzi wa kifungo chake msalaba wake mwenyewe. Aliyezoea kutoa vyake aweza kuthubutu hivyo. Sisi tusiende kuwavua akina mama rozari zao kwa kusingizia Mtakatifu. Lakini twakubali kwamba hapa kitabu kinapungukiwa. Chasema mengi juu ya kuachilia, na machache juu ya kushika kwa uaminifu mbele ya mtesaji. Msomaji wa Kongo amsome Yohane, na Isidore akae karibu naye, kila mmoja amfafanue mwenziwe.

Namna ya kukisoma

Anayetaka kuanza, asianze kwa kushindana na kitabu chote. Asome katika sehemu ya kwanza sura ya 3, ya 11, ya 13 na ya 14. Habari za maono na za sala ya ndani aziache mpaka apate padri wa kumwongoza. Na atazame vizuri sura ya 13. Shauri lake la kwanza halihusu kukataa. Mtakatifu anataka kwanza tuwe na hamu ya daima ya kumfuata Kristu katika yote. Kisha sura ya 14 yaonyesha kwamba mapendo madogo hayashindwi ila kwa mapendo makubwa zaidi. Msichana aliyeposwa hahitaji kuhubiriwa aiache nyumba ya baba yake. Anapomwendea mumewe, ameiacha. Anayeachilia bila kupenda atabaki na mikono mitupu na moyo mkavu. Ndivyo kijana tajiri wa Injili alivyoondoka kwa huzuni: alizitazama mali zake, hakumtazama Yule aliyekuwa akimtazama kwa mapendo.

Tarehe 30 Juni 1960 baba zetu walishangilia uhuru wa nchi, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini uhuru wa moyo hautangazwi na serikali. Mtu aweza kuwa raia wa nchi huru, na huku akawa mfungwa wa neno moja aliloambiwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Sisi tunajua.

Basi, wasomaji wapenzi, jioni hii kabla ya kulala, kila mtu ajiulize swali moja tu: Ni kitu gani ambacho, kikiguswa, amani yangu yaondoka? Akikipata, asikimbilie kukitupa motoni kwa kishindo, kama tulivyofanya sisi. Amwonyeshe Mungu kitu hicho, amwombe mapendo makubwa kuliko hicho. Isidore Bakanja, uliyeshika skapulari na kuachilia kisasi, utuombee.